Baba Abdillahi wa Shelui

Siku ya maziko, Abdulazizi, mdogo wake marehemu, alisimama nje ya pazia la chumba alimokaa mjane, akakohoa, akauliza lile linaloulizwa kila nyumba ya Kiislamu inayotoa maiti: "Shemeji, kaka anatoka sasa. Umemwachia radhi?"

Mjane husema ndiyo. Husema ndiyo hata kama ndoa ilikuwa ya vidonda, kwa sababu jeneza liko mlangoni, wanaume wamesimama juani, na hakuna anayetaka mtu wake aende kaburini na kinyongo cha mwingine. Mjane huyu, Hajira, alinyamaza mpaka watu uani wakaanza kutazamana. Halafu akasema kwa sauti iliyofika nje ya geti:

"Nitajibu siku ya arobaini."

Basi! Singida mjini habari haihitaji nauli. Kaburi la Ahmadi lilikuwa halijamwagiwa maji, sokoni walishajua kwamba mke aliyeishi naye miaka hamsini amemnyima radhi. Wengine walisema uchungu umemchanganya. Wengine walisema Hajira alikuwa na moyo mgumu tangu usichana, waulizeni dada zake. Ya kweli hakuna aliyeijua, na ya kweli ilikuwa hii: Hajira aliamini mumewe alikuwa na mke mwingine Shelui.

Hakuambiwa na mtu. Aliunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande. Ahmadi alikuwa muuza vitambaa, mtu wa maneno machache, dukani asubuhi, msikitini kwa wakati, nyumbani jioni. Lakini kila Jumapili, akishakunywa chai, alipanda basi kwenda Shelui kuangalia mashine yake ya kukamulia alizeti, na kurudi ni baada ya isha. Hajira hakuwa na neno. Mwanaume anaangalia mali yake, utamuuliza nini?

Wiki moja kabla hajafa, amelazwa hospitali, simu yake ikalia juu ya kitanda. Kioo kikaandika "Dorkas Shelui". Hajira akapokea. Kabla hajasema kitu, sauti ya kike ikasema, "Mzee, wanakuulizia mpaka nachoka. Wanasema bila wewe Jumapili haina maana." Hajira akasema haloo, na simu ikakatika.

Hicho kipande kimoja. Kipande cha pili kilikuja asubuhi ya maziko. Kupitia dirishani alimsikia mgeni akijitambulisha kwa Abdulazizi: yeye ametoka Shelui, ndiye aliyeuziwa ile mashine ya alizeti, sasa ni mwaka wa nane. Mwaka wa nane! Hajira alikaa na hesabu hiyo kichwani, maiti wa mumewe yuko chumba cha pili anaoshwa. Miaka minane mashine haipo, na miaka minane hajakosa Jumapili hata moja. Ndipo Abdulazizi akaja kukohoa nyuma ya pazia.

Tuseme wazi jambo moja, maana watu walimsema vibaya yule mama. Hajira alimpenda Ahmadi. Aliolewa naye akiwa na miaka ishirini na tatu na hakujuta, wala hata sasa alikuwa hajajuta, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kama asingempenda angesema ndiyo siku ile ile, akazika, akamaliza. Aliogopa kutoa radhi kwa mtu asiyemjua. Na aliogopa zaidi kuinyima, kwa sababu usiku akifikiria Ahmadi amelala peke yake mchangani anasubiri neno lake, machozi yalimtoka bila kizuizi.

Akaanza upelelezi wake akiwa ndani. Mjane wa eda hatoki, miezi minne na siku kumi, na Hajira hakuwa mtu wa kuvunja eda kwa sababu ya hasira. Alipekua makoti. Alinusa kanzu za Jumapili, akakuta harufu ya jasho la watu wengi na bisi, akajiuliza ni nyumba gani hiyo ya mapenzi inayonuka bisi. Kila aliyekuja kutoa pole alimpima. Mwanamke akilia kwa uchungu kidogo, Hajira anamtazama miguu, kama ina vumbi la safari. Jirani yake Lea, waliyekaa naye miaka ishirini, alilia sana siku ya tatu na tangu siku hiyo hakupewa tena chai ya maziwa.

"Mama, sasa unatukosesha watu," binti yake Hanifa alimwambia.

"Watu wenyewe nani? Unawajua wote?"

Hanifa alinyamaza. Katika nyumba ile kunyamaza lilikuwa jambo alilolelewa nalo.

Wiki ya nne Hajira akamwita mjukuu wake Johari, binti wa Hanifa, aliyekuwa likizo ya chuo. Akamwambia aende Shelui Jumapili, aulize tu stendi, kwa adabu, mzee Ahmadi muuza vitambaa wa Singida alikuwa akifikia kwa nani.

"Bibi, na nikimkuta huyo mwanamke?"

"Mwangalie. Uangalie na watoto."

Johari akaenda. Saa saba mchana akapiga simu, anaongea chini chini kama mwizi.

"Bibi, nimeuliza bodaboda. Mzee Ahmadi wa Singida hawamjui. Nikawaonyesha picha, wakapiga kelele wote, kumbe wanamjua vizuri tu. Ila hapa wanamuita Baba Abdillahi."

Hajira alikuwa amesimama. Akakaa.

"Bibi, upo? Wananionyesha nyumba hapa, kwa Dorkas. Mlangoni kuna viatu vya watoto kibao. Niingie?"

"Usiingie," Hajira akasema. "Rudi nyumbani."

"Lakini bibi, si ndiyo tumekuja..."

"Nimesema rudi, Johari!"

Johari hakuelewa, na angeelewaje? Jina hilo hakuwahi kulisikia. Mama yake Hanifa mwenyewe alilisikia akiwa na miaka kumi na miwili, tena kwa jirani. Kabla ya Hanifa kulikuwa na Abdillahi. Aliishi miaka saba. Mwaka themanini na tatu, mchana, alitumwa dukani, ng'ambo ya barabara, na lori lililobeba vitunguu likamgonga. Aliyemtuma ni Hajira, mama yake. Ahmadi alimzika mwanawe jioni ile, akarudi, akavua viatu, na kuanzia siku hiyo hakulitaja tena jina la mtoto. Hakumlaumu mkewe hata kwa neno moja. Lakini hakumwambia pia kwamba hamlaumu, na Hajira alingoja neno hilo mwaka wa kwanza, akalingoja mwaka wa pili, na mwisho akaamua kuwa kimya kile ndicho hukumu yake. Watu, kwa huruma, waliacha kumwita Mama Abdillahi. Hanifa alipozaliwa wakashukuru Mungu wakamwita Mama Hanifa, na mumewe Baba Hanifa.

Sasa Shelui kuna Baba Abdillahi. Mtu haitwi hivyo bure. Ahmadi alikwenda akatafuta mwanamke mwingine, akapata mtoto mwingine wa kiume, akampa jina la yule wa kwanza. Watu hufanya hivyo, jina la marehemu hurithishwa, si dhambi. Lakini jina la mwanawe Hajira, kupewa mtoto wa Dorkas, bila hata kuulizwa! Angemsamehe kwa kuwa na mke mwingine. Wanaume wengi wanao, na wengine wanao kihalali. Hili la jina hapana. Hili alikuwa tayari kwenda nalo mpaka kiyama.

Siku ya thelathini na tisa, uani wanaume wakifunga turubai na Abdulazizi akiwasimamia, mwanamke mmoja alipiga hodi. Alikuwa wa makamo, mnene kiasi, amejifunga kitenge, mkono mmoja jogoo, mkono wa pili kidumu cha asali. Miguu ilikuwa na vumbi. Akaletwa ndani, akavua ndala, akapiga goti mkekani.

"Shikamoo mama. Naitwa Dorkas, natokea Shelui. Nilichelewa kupata habari, simu yake ilizimwa. Pole sana, Mama Abdillahi."

Miaka arobaini na moja hakuna aliyemwita hivyo. Hanifa, aliyekuwa anamimina chai, akaimimina nje ya kikombe.

"Umeniitaje?" Hajira akauliza.

"Samahani, mama. Kule kwetu ndivyo tunavyokutaja."

"Kule kwenu mnanitaja. Vizuri." Alishangaa sauti yake ilivyotulia. "Na huyo Abdillahi ana miaka mingapi?"

Dorkas akafikiri. "Saba. Au nakosea? Mzee siku zote alisema saba."

Saba. Mashine iliuzwa mwaka wa nane sasa. Kila kitu kilikaa mahali pake.

"Umemwacha na nani leo?"

Dorkas akamtazama Hanifa, akamtazama Johari, kama anayeomba msaada. Halafu akamrudia mjane, polepole, kwa sauti ya kuongea na mgonjwa.

"Mama, nitamwachaje? Si aligongwa na lori?"

Jogoo alijitikisa mkekani. Hajira akamwambia Dorkas akae vizuri, aseme yote tangu mwanzo, na asimfiche kitu kwa kumwonea huruma.

Dorkas akasema. Alikuwa na banda la video, la kuonyeshea sinema, aliloachiwa na marehemu mumewe. Kuna siku, zamani, Ahmadi alikuja kuuza ile mashine, basi likachelewa, akaingia bandani kukwepa jua. Picha ilikuwa ya Kihindi, na mtafsiri wa siku ile alikuwa anabuni tu. Mzee akashindwa kuvumilia, akasema kutoka nyuma, "Sivyo anavyosema." Watu wakamcheka, wakamsukumia maiki. Kumbe Kihindi alikijua. Ujana wake wote alikuwa karani kwenye duka la Mhindi hapo Singida mjini.

Hilo Hajira alilijua. Alijua pia kwamba televisheni ikiwashwa tamthilia ya Kihindi, Ahmadi alikuwa akisimama anatoka nje, na yeye akidhani ni uchaji Mungu.

"Ikawa kila Jumapili," Dorkas akasema. "Mchana anaweka picha moja, ya familia. Ngumi hataki. Wanawake wanajaa mpaka mlangoni, na watoto wao, namna ile sijawahi kuona bandani kwangu. Kila picha akiwepo mtoto, mzee anamwita Abdillahi. Baba yake ndiyo Baba Abdillahi. Mama yake ndiyo wewe. Na hata kama mtoto kwenye picha hafi, mzee anasimamisha, anatuambia, huyu kesho yake alikufa. Tukawa tunamuita Baba Abdillahi mwenyewe, kwa utani. Hakukataa. Mimi nilidhani ni hadithi zake mpaka mwaka juzi aliponiambia ni mtoto wake kweli, na kwamba mama yake yupo Singida, mzima, na hawajawahi kuongea habari zake."

Hajira alisikiliza kwa uso wa hakimu. Maneno matamu aliyasikia mengi wiki zile. Mke mdogo mwerevu angeshindwa kutunga haya?

"Ushahidi uko wapi?" akauliza.

Dorkas akafungua pindo la kitenge, akatoa flashi. Alipoona mzee anaumwaumwa, alisema, alianza kumrekodi, ili sauti isije ikapotea. Hii ilikuwa ya Jumapili ya mwisho.

"Mama, uko eda," Hanifa akanong'ona. "Sinema?"

"Funga mlango," Hajira akasema. "Johari, washa."

Picha ikatokea. Nyumba kubwa, ngazi za marumaru, bwana mwenye sharubu, mke mwenye sari ya kijani. Na juu yao, ikikwaruza kidogo, sauti ya Ahmadi. Hajira alijishika mdomo. Alikuwa amesahau kwamba mumewe aliweza kuongea kiasi hicho. Aliongea kiume, aliongea kitoto, aliongea sauti ya bibi kizee mpaka watu wa bandani wakasikika wanacheka. Huko nje nyundo za turubai zikanyamaza. Abdulazizi alikuja mpaka kwenye pazia.

"Shemeji! Nani huyo anayeongea humo?"

"Kaka yako," Hajira akasema. "Kaa hapo usikilize."

Mtoto wa kwenye picha alichukuliwa na maji. Mto ulionekana waziwazi, umefurika, mama anapiga mayowe ukingoni. Ahmadi akasema, "Hapa Abdillahi anavuka barabara. Lori la vitunguu linakuja kasi." Hakuna mtu bandani aliyebisha kwamba huo ni mto. Hanifa alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Baba yake hakuwahi kumwambia jina la kaka yake, na sasa alikuwa analitamka kila baada ya sentensi mbili, kwa mazoea ya mtu anayemwita mwanawe aje ale.

Halafu bwana mwenye sharubu akasimama dirishani, na mke nyuma yake. Ahmadi akashusha sauti. Hii haikuwa sauti ya sinema. Hajira aliijua, ndiyo aliyoolewa nayo.

"Mke wangu, siku ile nilikwambia mchuzi hauna chumvi. Ukamtuma mtoto chumvi. Mchuzi ulikuwa sawa. Chumvi ilikuwepo. Nilikuwa nimegombana na mtu dukani, nikaja kumalizia hasira kwenye sahani. Wewe umekaa miaka yote unajua ulimtuma mtoto. Hukumtuma wewe, nilimtuma mimi, na kwa uongo."

Miaka arobaini na moja Hajira amekuwa akiuonja mchuzi mara tatu kabla hajaupakua.

Kwenye picha, mwanamke wa sari ya kijani akageuka. Alikuwa analia. Akaanza kuongea, akaongea kwa muda mrefu, mikono inakwenda, na juu yake hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa Kihindi chake mwenyewe. Ahmadi amenyamaza. Bandani mtu akapiga kelele, "Mzee, anasemaje?" Wengine wakamuunga mkono. Tafsiri! Tafsiri!

"Hapo sijui," Ahmadi akajibu. "Sijawahi kumsikia."

"Kila picha, mama," Dorkas akasema taratibu. "Mwanamke akifika hapo, anaacha. Watu walikuwa wanamlalamikia, maana wanajua Kihindi anakielewa."

Mwanamke akamaliza kusema. Wakaingia wacheza ngoma.

"Rudisha nyuma," Hajira akasema. "Pale anapogeuka."

Johari akarudisha. Mwanamke akageuka, akafungua mdomo, na Hajira akaanza kuongea papo hapo, ameikodolea macho televisheni, kwa sauti ambayo Abdulazizi aliisikia vizuri kule nje.

"Mwanaume wewe! Shelui nzima umeiambia, mpaka watu wa malori, mimi ukashindwa nini kuniambia? Nimelala pembeni yako miaka yote hiyo. Nilikuwa nasubiri neno moja tu, Ahmadi, moja, ukanipa hela ya soko na salamu. Nimezeeka nikidhani unaniona muuaji. Kumbe unapanda basi kwenda kunililia kwa wageni! Mimi nami ningekuja. Ungenichukua tu, ningekaa nyuma kabisa, ningelipa kiingilio..."

Wacheza ngoma wakaingia.

Hajira alifuta uso kwa upindo wa kanga yake nyeupe. Nyuma ya pazia Abdulazizi alikohoa, akasita, akauliza kwa woga, "Shemeji, ndiyo kusema radhi...?"

"Tulia, shemeji, hatujafika huko," Hajira akamjibu, akamgeukia mjukuu wake. "Rudisha tena."